Uliondoka na Ubeti wa Tisa

Mpendwa Mwaitu,

Kwanza niwatoe wasiwasi watu watakaosikia barua hii ikisomwa. Mtu akiandikiwa barua ya wazi na mwanawe, wengi hudhani tayari amezikwa. Wewe hujafa. Uko Mwingi, wiki hii nadhani unapalilia ndengu, na ukiambiwa nimekuandikia utauliza kama siku hizi Nairobi hakuna simu. Na kwa wale wasio Wakamba, Mwaitu ni mama. Sijawahi kukuita kwa jina lingine, hata siku ile niliyokukosea.

Simu ipo, na nilikupigia. Unakumbuka. Tulisalimiana vizuri, ukaniuliza wajukuu wako, nikakuuliza magoti yako, halafu nikajikaza.

"Mwaitu, ule wimbo wako wa Ijumaa. Ubeti wa mwisho ulikuwa unaenda aje?"

Nilisikia kuku.

"Daudi, mbuzi ya Kavata imezaa mapacha."

"Mwaitu, nakuomba."

"Ulinisema kwa mkutano," ukaniambia, bila hasira yoyote. "Kwa simu tunaongea mvua na mbuzi."

Ukakata. Nilikaa na ile simu mkononi kama mtu aliyerudishiwa kitu chake mwenyewe. Basi nimekusikia. Nimemwomba Mzee Ezra asome barua hii Jumapili baada ya chai, katika mkutano wa jumuiya yetu ndogo ya Kiyahudi hapa Kaloleni, mbele ya watu walewale, wakiwa wamekaa kwenye viti vilevile. Nilikunyamazisha mbele ya watu, na mbele ya watu nataka kukusifu. Vaa miwani, kwa sababu nakala yako inakuja na basi la Mwingi, na ni ndefu.

Nataka wale waliojiunga nasi juzi wajue tulivyoanza. Wanaona Sanduku zuri ukutani, lile kabati tunamowekea kitabu cha Torati, na wanadhani tulizaliwa nalo. Hawajui kwamba Baba alilichonga kwa mti wa muhugu kwenye ua wa nyumba yetu ya kaunsili ya jiji, jioni baada ya kuchonga twiga wa watalii kutwa nzima. Ndiyo maana wale simba wawili wa juu wana shingo ndefu. Mkono wa Baba ulikuwa umezoea twiga. Wewe ulimwambia, "Muumba atajua ulimaanisha nini," naye akawaacha vile. Amelala sasa, Mungu amrehemu, na simba wake bado wanachungulia kama wanaotafuta majani.

Tulikuwa familia nane. Mlikuwa mmetoka katika kanisa lililoshika Sabato, mkasoma Torati jioni baada ya jioni, mkafika kwenye maswali ambayo mchungaji wenu hakuyapenda, mkatoka mmoja mmoja mpaka mkakutana tena sebuleni kwetu. Mgeni mmoja aliyepita Nairobi akawaachia kijitabu cha sala kilichotolewa kopi, Kiebrania kilichoandikwa kwa herufi tunazozijua. Mgeni akaenda zake. Maneno tulikuwa nayo yote. Wimbo hata mmoja hatukuwa nao.

Nakumbuka Ijumaa za kwanza. Mzee Ezra, ambaye alikuwa karani wa zamu katika kiwanda cha unga, alisoma sala za kuikaribisha Sabato kama anaita majina ya vibarua getini. Alifika mwisho wa mstari, akatuangalia kama anayengoja mtu aseme "nipo". Nilisinzia. Baba pia alisinzia, ingawa baadaye alisema alikuwa anatafakari. Wewe hukusinzia. Ulikuwa umekunja uso namna ulivyokuwa ukikunja ukikuta chumvi imezidi.

Wakati huo ulikuwa unafunga sabuni kiwandani Baba Dogo. Kulikuwa na redio imening'inizwa kwenye nguzo, na nyinyi akina mama kumi na wawili mlisimama mezani mkifunga na kuimba, kipande kimoja cha sabuni kwa kila pigo la gitaa. Uliwahi kunieleza kwamba siku redio ilipoharibika kazi ilizorota mpaka msimamizi mwenyewe akatafuta fundi. Benga, rumba, nyimbo za arusi, matangazo ya biashara, vyote vilipita mikononi mwako pamoja na zile sabuni.

Alhamisi moja ulirudi na vipande vilivyovunjika, vile walivyowaruhusu kubeba nyumbani. Ulivimwaga mezani. Nilidhani ni siku ya kufua.

"Baba Daudi, nisomee ule wimbo wa bibi arusi. Polepole."

Baba akasoma. Ni wimbo wa Ijumaa jioni, ambao ndani yake tunaikaribisha Sabato kama bibi arusi anayekuja kwa mumewe. Kwa kila silabi uliweka kipande kimoja cha sabuni. Mstari ukaisha, ukaanza safu nyingine chini yake. Meza ikajaa, nyumba nzima ikanuka kama nguo za shule. Halafu ukaanza kuimba kwa midomo iliyofungwa wimbo mmoja wa redioni, huku kidole chako kikigusa kipande kimoja baada ya kingine. Wimbo ukaisha na vipande bado vipo.

"Huu ni mfupi," ukasema, kama fundi anayepima kitambaa.

Wa pili ulikuwa mrefu, ukaacha kidole chako hewani. Wa tatu ukaingia. Ulikuwa ule wa bwana aliyeachwa stesheni ya treni na tiketi mbili mfukoni, mchumba wake akiwa ameondoka na dereva wa lori. Kila mtu katika mitaa yetu ya Eastlands alikuwa akiuimba mwaka ule. Baba alicheka mpaka akalazimika kukaa.

"Mama Daudi, tumwimbie Mungu wimbo wa mtu aliyeachwa?"

Nawe ukamjibu huku ukikusanya sabuni, "Yule alikuwa anangoja mtu asiyekuja. Wetu anakuja kila Ijumaa."

Nilikuwa na miaka tisa na sikuelewa. Leo naelewa, na nikikumbuka kwamba ulilisema hilo umeinama ukifuta meza, bila hata kuangalia kama tumelisikia, natamani kumshika mtu koti nimwambie, huyo ni mama yangu.

Kesho yake ulizima redio yako ya nyumbani kabla jua halijatua. "Ipumzike, zamu ni yetu," ukasema, na tangu siku hiyo ulisema hivyo kila Ijumaa. Watu wakafika, mishumaa ikawashwa, Mzee Ezra akafungua kijitabu kuanza kuita majina yake, nawe ukaanza kuimba. Beti mbili nzima hakuna aliyeitikia. Mzee Ezra alikuwa amekutolea macho. Ulipomaliza alikohoa.

"Mama Daudi, huu si ni ule wimbo wa yule jamaa wa stesheni?"

"Ulikuwa wake. Saa hii ni wa Sabato."

Mzee akafikiri. Yeye anatoka Magharibi ya Kenya, na huko mtu hakurupuki kujibu. "Haya. Basi turudie, mimi nilikuwa nimeshtuka."

Tukarudia. Nilihisi sakafu ikitikisika, maana Mzee Ezra aliimba kwa miguu. Na nje, dirishani, yule jirani yetu fundi wa baiskeli, akiwa ameshapata zake mbili tatu, akatuitikia kwa yale maneno ya redioni, tiketi mbili na dereva wa lori. Watu wakaanza kununa.

"Mwacheni," ukasema. "Anatushikia sauti ya pili."

Mwaka ulipoisha yule fundi alikuwa anaitikia kiitikio kwa Kiebrania vizuri kuliko mimi.

Baada ya hapo hukushikika. Baraka ya baada ya chakula uliiweka kwenye tangazo la mafuta ya kupikia, na mpaka leo nikishiba napata hamu ya chapati. Sala ya kufungulia Torati uliipa mwendo wa wimbo wa arusi ya Kikamba. Sala za huzuni ulizigawia rumba za zamani, zile ambazo gitaa linalia lenyewe. Kila moja ilipita juu ya sabuni kwanza. Usiokaa sawasawa uliukataa, hata kama ulikuwa mtamu. "Neno halivutwi masikio ili liingie kwa wimbo," ulikuwa ukisema. "Wimbo ndio unainama."

Lakini ubeti wa tisa wa ule wimbo wa bibi arusi ulikuwa jambo lako binafsi. Kwenye ubeti huo, kama desturi ilivyo, sote tunageuka na kuelekea mlangoni, tunainama kidogo, kwa sababu hapo ndipo Sabato inapoingia. Wewe ulikataa tuendelee na sauti ya yule bwana wa stesheni. "Mgeni ameshafika mlangoni, bado unaimba kama unamngoja?" Ukabadilisha wimbo palepale. Ulianza peke yako, mstari mzima, sisi tukiwa tumekupa mgongo, kwa maana ulikaa nyuma karibu na jiko, kisha tukadandia. Ulitoa wapi wimbo ule hukusema kamwe. Baba alidai ni wa akina mama wa kwenu wakitoka kuvuna. Mzee Ezra aliapa ni rumba. Ukiulizwa ulichochea jiko.

Nao hatukuurekodi. Tulikuwa na kaseti, baadaye tukawa na simu, lakini tulikuwa tunauimba siku moja tu ya juma, na siku hiyo ndiyo siku tusiyogusa mashine. Hakuna aliyewahi kufikiri kukwambia, Mama Daudi, hebu njoo Jumanne utuimbie wimbo wa Ijumaa. Tulidhani utakuwepo kila Ijumaa.

Sasa nifike kwangu.

Nilipoingia sekondari niliona aibu. Tulikuwa watu wa ajabu mtaani, lakini uajabu wa kimya ningeuvumilia. Uajabu wetu ulikuwa na mdundo. Wenzangu walipita nje Ijumaa jioni wakasikia, na Jumatatu wakanisubiri getini kunitania juu yako kwa Sheng.

"Niaje Daudi. Mathako ndio DJ wa Mungu?"

"Buda, leo mliabudu na ngoma gani?"

Nilicheka nao, nikaja nyumbani nikakununia. Ukadhani ni mitihani. Ulinikaangia yai.

Baadaye jumuiya ikanituma nchi jirani kusoma, miaka miwili, katika shule ndogo ya kufundisha sala na Torati. Nilirudi nikiwa nasoma herufi zenyewe za Kiebrania, kutoka kulia, bila kigugumizi. Ulivaa kitambaa chako cha arusi kunipokea. Nilirudi pia na nyimbo kwenye flashi, nyimbo za masinagogi ya ng'ambo, na mmoja wao uliniteka kabisa. Ulikuwa wa polepole, wenye majonzi, ukipanda na kushuka kama mtu anayekumbuka mbali. Hakuna aliyenieleza ulikotoka. Niliamua mwenyewe. Nilisimama mbele yenu nikasema, kwa sauti yangu mpya ya kisomi, kwamba wimbo huu ni wa kale, kwamba yaelekea uliimbwa Hekaluni Yerusalemu na Walawi wenyewe. Yaelekea. Neno hilo liliningoja miaka minne.

Tulikuwa tumeambiwa kwamba siku moja walimu wa Torati watakuja kutupima kama tunastahili kuhesabiwa Wayahudi kama wengine. Niliogopa. Niliwaona wakifika sebuleni kwetu wasikie tangazo la mafuta ya kupikia. Kwa hiyo siku ya mkutano, chini ya saa ya ukutani, nikasema maneno ambayo leo nayarudia yote, ili asiwepo wa kuniambia nimeyapunguza.

Nilisema, "Tumefika mahali pa kuacha mambo ya baa. Nyimbo za walevi hazina nafasi mbele ya Sanduku. Tusiwe watu wa kuchekwa."

Baba alikuwa hai bado. Aliangalia mikono yake. Nawe ulikuwa umeshika birika, ukimmiminia mtu chai, na hukumwaga hata tone.

"Sawa, mwalimu," ukasema.

Hukuniita Daudi. Uliniita mwalimu kwa siku kadhaa baada ya pale, kwa heshima, ukinipakulia chakula kama mgeni, na mimi mjinga nilifurahi. Nilidhani umekubali usomi wangu.

Ukaendelea kuja kila Ijumaa. Ulikaa nyuma, kitabu wazi, midomo ikienda, sauti haitoki. Nilijiambia unajifunza wimbo mpya. Wewe uliyekuwa ukishika wimbo wa redioni kabla haujaisha mara ya kwanza. Baba akafariki mwaka uliofuata, ukamaliza matanga, ukastaafu, ukachukua redio yako na sufuria mbili, ukasema shamba la Mwingi linakuita. Nilikusindikiza mpaka stendi. Uliniambia nile vizuri.

Mwezi uliopita mgeni alikuja. Hakuja kutupima. Ni mzee wa makamo ya Mzee Ezra, mwimbishaji wa sala kwao ng'ambo, anayezunguka kusikiliza namna watu wanavyosali. Nilifurahi mpaka nikanyoosha shati mara mbili. Ijumaa hiyo tuliimba wimbo wangu wa Hekaluni, na tuliuimba vizuri, Mwaitu, sikudanganyi. Nikamwona mgeni anafuta macho. Nikajisemea, basi, tumepita.

Kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka.

Tulipoketi kula, akaanza kuongea kwa Kiingereza, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Hilo ndilo Mungu alilonipangia. Akasema maneno marefu, nami nikawaambia watu, "Mgeni anasema wimbo umempendeza sana."

Mzee Ezra akaweka kijiko chini. "Daudi, mgeni ameongea mengi, wewe umetupatia machache. Lete yote."

Nikaleta yote, kwa kinywa changu mwenyewe. Mgeni alisema kwamba wimbo ule anaujua tangu utotoni. Ulikuwa wimbo wa dansi. Bibi yake aliuimba akikanda unga. Unahusu kijana anayemwomba msichana wa duka la mikate acheze naye mara moja tu, na msichana anasema miguu inamuuma. Kwamba mtu mmoja wa mtaa wao aliutwaa, akauingiza kwenye sala, na wazee wakamkemea hadharani kwamba ameleta uchafu wa ukumbi wa dansi mbele ya Sanduku. Kwamba leo hakuna anayemkumbuka hata mkemeaji mmoja, na wimbo unaimbwa mpaka Kaloleni.

Nilitafsiri, Mwaitu. Nilitafsiri mpaka miguu ya yule msichana. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa heri wangecheka.

Mgeni hakujua amefanya nini. Akaendelea, na mimi nikaendelea kumfuata. Akasema Wayahudi kila walikokaa wameazima nyimbo za jirani, za wachungaji, za askari wakienda vitani, za sokoni, na kuzifundisha kusali. Kwamba hivyo ndivyo unavyojua watu wamefika mahali na kukaa. Halafu akaangalia meza nzima, akauliza, "Na zenu ziko wapi? Nimekuja mbali kusikia za kwenu."

Sikuwa na haja ya kutafsiri. Wote waliniangalia mimi.

Mzee Ezra ndiye aliyeanza. Alipiga meza kwa kiganja, mapigo yaleyale ya kiwandani Baba Dogo, akauanza wimbo wa bibi arusi kwa sauti ya yule bwana wa stesheni. Ana miaka themanini na kitu na sauti imechakaa, lakini miguu yake iliamka. Wakaingia wengine. Nikaingia na mimi. Sikuwa nimeuimba miaka minne, na kumbe ulikuwa umekaa tu mdomoni unangoja. Mgeni alisimama akaanza kupiga makofi. Beti nane, Mwaitu, bila kukosea, na watoto ambao hawajawahi kuusikia walishika kiitikio kwenye ubeti wa tatu.

Tukafika wa tisa. Tukageuka, tukaelekea mlangoni, tukainama. Na pakawa kimya.

Hakuna aliyejua unavyoanza. Mzee Ezra alijaribu noti mbili akatikisa kichwa. Tulikuwa tumezoea kukungojea utoe ule mstari wa kwanza nyuma yetu, karibu na jiko. Watu arobaini tukasimama tukiangalia mlango, midomo wazi. Mgeni akafikiri ni sehemu ya desturi, akainama pia. Sijawahi kuona haya kama zile, na safari hii zilikuwa haya za haki.

Mgeni alipoelezwa, aliniuliza maswali juu yako mpaka chakula kikapoa. Nikamwambia habari za sabuni. Akaniomba nirudie. Akasema kwao kuna watu wanaosoma miaka mingi kujifunza kulilaza neno ndani ya wimbo lisiumie, na wengine hawafaulu, na kwamba angependa kuiona meza ile. Mwaitu, ulisoma mpaka darasa la saba. Hukujua kwamba kuna watu ng'ambo wanafanya ulichofanya, hakuna aliyekuambia inaruhusiwa. Uliona tu sala zimelala na ukaenda kuzitafutia wimbo mahali ulipokuwa, juu ya meza ya kufunga sabuni. Nilikwenda nchi nyingine kutafuta desturi ya Kiyahudi, na ilikuwa nyumbani inanikaangia yai.

Najivunia kuwa mwanao. Neno hilo naliandika bila kuzungusha, na nimemwambia Mzee Ezra akifika hapa alisome mara mbili. Nilisema nyimbo zako ni za walevi. Nilikosea. Nilisema zitatufanya tuchekwe. Niliyechekwa ni mimi, getini mwa shule, na badala ya kujibu wale vijana nilikuja kukulipiza wewe uliyekuwa na birika mkononi. Nisamehe.

Kuna jambo moja ulipaswa kuliona. Jumatano nilinunua mche wa sabuni, nikaukata kwa kisu, vidole vikachubuka. Nikaketi mezani nikapanga ubeti wa tisa, silabi kwa silabi, kama ulivyofanya. Msichana wangu, yule tuliyempa jina lako, akaniuliza kama tunafua. Nikamwambia nangoja wimbo. Tulijaribu kila tulichokijua, rumba, benga, nyimbo za kuvuna za mitandaoni. Vyote ni vifupi au ni virefu. Silabi ziko pale zote, zimejipanga sawasawa. Sijaziondoa. Tunakula jikoni kwa sasa, na mke wangu amenivumilia vya kutosha.

Tumepata chumba chetu wenyewe, Njiru, kando ya Barabara ya Kangundo, ghorofa ya kwanza, na madirisha makubwa. Wiki tatu kutoka leo tunalihamisha Sanduku la Baba, simba wake wakiwa wamefungwa blanketi, na Ijumaa ile ndiyo ya kwanza pale. Walimu waliosemekana watakuja kutupima wametuma habari kwamba watakuwepo. Watu wameuliza tutaimba nini. Mzee Ezra akajibu kwa niaba ya wote, "Tutaimba yetu."

Basi la asubuhi kutoka Mwingi litakufikisha mapema, kabla hujalazimika kuwaza jua. Usibebe ndengu, tutanunua. Njoo na redio, tuizime pamoja. Nimekuwekea kiti nyuma. Jiko hakuna, lakini kiti kimekaa mlangoni kabisa. Kama magoti yamekataa, niambie, nitakuja kukuchukua mwenyewe. Na kama moyo ndio umekataa, sitakulaumu, na sitakupigia simu kukusumbua juu ya wimbo tena. Tutaongea mvua na mbuzi, na nitauliza hali ya wale mapacha wa Kavata.

Lakini nakuarifu mbele ya watu hawa wote. Beti nane tunazijua, na tutaziimba kwa nguvu mpaka watu wa duka la chini watoke nje. Tukifika wa tisa tutageuka kuelekea mlangoni, tutainama, na hatutafungua midomo, walimu wawepo au wasiwepo, mpaka tukusikie.

Ni mimi mwanao Daudi, ambaye si mwalimu wako.